Araki: kutoka Ekwatoria hadi kambini

(Muziki unashuka)

MTANGAZAJI: Leo historia yetu ni ya araki. Jina ni la Kiarabu, maana yake jasho, kwa vile mvuke wake hudondoka tone kwa tone.

Mwaka 1891 Kapteni Lugard, Mwingereza, aliwachukua askari wa Emin Pasha, waliokuwa wametoka huku kwetu Ekwatoria, akaenda nao Uganda. Wajukuu wao ndio Wanubi. Mama wa Kinubi wa Kibera, Nairobi, walijulikana kwa kupika araki ingawa serikali ya kikoloni iliikataza. Waganda wakasema waragi. Ndugu zetu wa Kongo, nyinyi mnayo lutuku. Moto ni uleule.

Septemba 1983 Rais Nimeiry alipiga marufuku pombe Sudan. Vita vikawakimbiza watu wa kusini hadi Khartoum, na huko mama wengi hawakupata kazi ila kupika araki ya tende na merisa ya mtama. Walichapwa viboko, wakafungwa gereza la wanawake la Omdurman, wakatoka, wakawasha moto tena. Watoto walitaka kula. Na mnywaji je? Sheria ilitafuta chungu, haikumtafuta mgonjwa.

Kumtafuta mgonjwa kulifanywa na wagonjwa wenyewe. Mwaka 1935, mjini Akron, Marekani, walevi wawili, Bill Wilson na daktari Bob Smith, walikaa wakazungumza, kila mmoja akimsaidia mwenzake asinywe siku hiyo. Ndiyo ikawa Alcoholics Anonymous. Haidai ada. Hata chini ya mwembe inawezekana.

Lakini sikilizeni hili. Mjomba wangu aliacha ghafla, peke yake. Siku ya pili mikono ilitetemeka. Ya tatu akaanguka, akakakamaa kama mwenye kifafa. Tukadhani amerogwa! Kumbe mwili uliozoea pombe miaka mingi hushtuka ukinyimwa, na mshtuko huo unaweza kuua. Kwa hiyo anayekunywa tangu asubuhi apitie kliniki kwanza. Zipo dawa za kuutuliza, na vitamini B1 ya kulinda ubongo.

Mjomba alipona, akarudia, akaacha tena. Huu ni mwaka wa pili. Kila Jumamosi anakaa na wenzake wawili uani kwetu, na chai naipika mimi.

(Muziki)