Mkimbizi: neno na safari yake hadi Mishamo

Neno la Kiingereza "refugee" lilivuka bahari pamoja na watu liliowataja. Mwaka 1685 mfalme Louis XIV wa Ufaransa alifuta Amri ya Nantes iliyowalinda Waprotestanti. Maelfu walitorokea Uingereza, wakaitwa kwa Kifaransa chao wenyewe, "réfugié". Chimbuko ni Kilatini: "refugium", mahali pa kukimbilia, kutokana na "fugere", kukimbia.

Kiingereza, basi, kilianza kumtambua mtu kwa hifadhi aliyoipata. Kiswahili kimeshika mbio zenyewe. Mkimbizi hutokana na kukimbia: sauti l, iliyopotea katika kitenzi hicho lakini ikabaki katika kimbilio, hugeuka z mbele ya i, kama lea inavyozaa mlezi na pokea mpokezi. Mkimbiaji hutafuta medali. Mkimbizi hakuomba mashindano.

Neno hilo liliota mizizi ya pekee Mishamo, mkoani Katavi, Tanzania. Makazi hayo yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa Warundi walionusurika mauaji ya Wahutu ya mwaka 1972, wengi wao wakihamishwa kutoka Ulyankulu, Tabora, kulikokwisha kujaa. Walifyeka miombo, wakajenga vijiji 16. Kutoka nje kulihitaji kibali.

Liisa Malkki, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Finland, alifanya utafiti huko mwaka 1985 hadi 1986, na kitabu chake kikatoka mwaka 1995. Alikuta neno limegeuka kuwa kama cheo. Kwa watu wa Mishamo, kuitwa mkimbizi kulithibitisha kwamba wana nchi yao na kwamba siku moja watarudi. Aliyelikana jina hilo alionekana ameisahau Burundi. Kigoma mjini mambo yalikuwa kinyume kabisa. Warundi wa huko walilikwepa, wakaoa na kuolewa na wenyeji, wakajitambulisha kwa majina mengine kadiri hali ilivyodai. Watu wa tukio moja, neno moja, na hawakusikizana juu yake.

Baadaye wengi waliamua kubaki. Mwaka 2010 Tanzania iliwakubalia uraia wa tajnisi watu zaidi ya 160,000 wa makazi ya Mishamo, Katumba na Ulyankulu, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Mwenye cheti hicho ni Mtanzania. Anayeendelea kumwita mkimbizi anakosea sheria, na Kiswahili pia.