Moshi wa Daraja la Kwanza

Mwaka 1952 kampuni ya British India ilishusha majini, katika mto Clyde huko Scotland, meli mpya iliyopewa jina la Uganda. Yeye na dada yake, Kenya, walijengwa kwa ajili ya njia yetu: London, mfereji wa Suez, Mombasa, Dar es Salaam, hadi Beira. Meli ile ilichukua abiria wapatao 300 tu, katika madaraja mawili. Na katika daraja la kwanza palikuwa na chumba kilichosifiwa kuliko vyote, chumba cha kuvutia sigara. Humo zilisimamishwa pembe mbili kubwa za ndovu, zawadi ya Kabaka wa Buganda, na chini yake mabwana walikaa katika viti vya kustarehe wakivuta biri na viko, wakizungumzia bei ya pamba na mkonge.

Jambo hili limenishughulisha kwa muda mrefu. Siku hizi mvutaji akiwa melini hufukuzwa kwenda kusimama kwenye upepo kama mtu aliyefumaniwa. Zamani alijengewa chumba kizuri kuliko cha kulia chakula. Imekuwaje mvuta sigara ashuke cheo namna hii katika maisha ya mtu mmoja? Wengi watajibu kwamba ni kwa sababu ya elimu ya afya. Hiyo ni kweli, lakini si kweli yote.

Katika vyombo vya mbao sheria ya sigara ilikuwa sheria ya moto, basi. Jahazi lilikuwa mbao zilizopakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, kamba za makumbi, na tanga la nguo. Ungetaka kutengeneza kitu cha kuwaka upesi usingepata bora zaidi. Ndiyo maana moto wa kupikia uliwekwa ndani ya sanduku lenye mchanga. Katika manowari za Kiingereza za enzi za matanga baharia aliruhusiwa kuvuta kiko karibu na jiko, mahali palipokuwa na moto tayari na watu wa kuuangalia. Wengi walichagua kutafuna tumbaku. Kutafuna hakuunguzi chombo. Katika dunia ile nahodha hakuwa na haja ya kubishana na mtu, kwa kuwa kila aliyekuwamo alijua kwamba cheche moja inamhusu yeye mwenyewe.

Zilipokuja meli za chuma na mvuke, hofu ile ilipungua, na hapo ndipo sigara ikapata daraja. Titanic, iliyozama mwaka 1912, ilikuwa na vyumba vitatu vya kuvutia sigara, kimoja kwa kila daraja. Cha kwanza kilikuwa cha mbao za mkangazi na vioo vya rangi. Cha tatu kilikuwa na mabenchi. Moshi ni ule ule, mapafu ni yale yale, lakini bwana hakuweza kupuliza moshi wake mahali alipopuliza fundi bomba. Wanawake hawakutarajiwa kuingia humo kabisa. Watu waliosanifu vyumba hivyo hawakuwa wakifikiria moto wala kifua. Walikuwa wakifikiria nani akae na nani.

Mtu wa Dar es Salaam hahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Mji wetu wenyewe ulipangwa kama meli: Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Uhindini katikati, na Uswahilini, yaani Kariakoo, Ilala na kwingineko, nyuma ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Miaka ile Uganda ilipokuwa ikitia nanga hapa, Magomeni ndiyo kwanza ilikuwa ikipanuliwa kwa ajili ya Waafrika waliojaa Kariakoo. Makuli waliopakua meli zile, ambao walishagoma mwaka 1947 kudai mishahara, walirudi kwao Uswahilini jioni na kuvuta sigara zao barazani. Melini walifika chini, penye mizigo. Pembe za Kabaka hawakuziona, ingawa Waafrika ndio waliozitoa. Na Kabaka mwenyewe, Mutesa wa Pili, mwaka 1953 alitiwa ndani ya ndege na Gavana Cohen akapelekwa uhamishoni Uingereza. Sijui kama kuna aliyemkumbuka pale chini ya pembe zake.

Kampuni hiyo hiyo ilikuwa na meli nyingine, Karanja na Kampala, zilizokwenda Bombay. Hizo zilikuwa na abiria wa sitaha, waliosafiri na mikeka yao na vikapu vyao vya chakula. Hao hawakuwa na chumba cha kuvutia sigara. Upepo ulikuwa chumba chao.

Mwaka 1967 Uganda iliondolewa katika njia ya Afrika Mashariki. Ndege zilishachukua abiria. Ikageuzwa meli ya safari za mafunzo kwa wanafunzi: watoto mamia wakilala katika mabweni, na watu wazima wenye vyumba vyao wakiendelea kustarehe katika chumba kile kile. Mwaka 1982 ikawa meli ya hospitali katika vita vya Falklands. Mwaka 1986 iliuzwa kuwa chuma chakavu huko Taiwan, na tufani ikaikwamisha kabla wakataji hawajaifikia.

Huku nyumbani sigara haikuwa na aibu yoyote. Kiwanda cha sigara kilikuwapo tangu 1961, na baada ya Azimio la Arusha Serikali iliingia katika umiliki wake, hivyo kwamba mtu akivuta Sportsman alikuwa, kwa namna fulani, akilijenga taifa. Palikuwa hata na timu ya mpira iliyoitwa Sigara, na hakuna aliyecheka. Vijana walizunguka Kariakoo na Magomeni na visanduku vya mbao, wakichezesha sarafu kiganjani ili mvutaji asikie, wakiuza moja moja. Huko Urambo, mahali ambapo mpango wa karanga wa Waingereza ulikufa, tumbaku ndiyo iliyowapa watu fedha. Mwaka 1995 kampuni ikaingia mikononi mwa Wamarekani wa RJR, na mwaka 1999 mikononi mwa Wajapani. Nayasema haya ili ieleweke kwamba nchi yetu haikuwahi kuwa mtazamaji katika mjadala wa tumbaku. Tunailima, tunaisokota, tunaivuta na tunaitoza kodi.

Wakati huo huo, katika meli za kitalii mambo yalianza kugeuka. Tarehe 30 Novemba 1994 meli ya Kiitalia Achille Lauro, ikitoka Genoa kwenda Afrika Kusini, iliwaka moto karibu na pwani ya Somalia, na tarehe 2 Desemba ikazama. Ilikuwa imejaa watalii, na bahari yenyewe ni hii yetu. Habari za mwanzo zilidai kwamba kishungi cha sigara kilichotupwa ovyo ndicho kilichoanzisha moto. Baadaye macho yalielekezwa kwenye chumba cha mitambo. Mimi naona ule upesi wa kuitaja sigara ni jambo la kuangaliwa. Kishungi hakina mwenyewe, na hakiwezi kujitetea. Mitambo ina mhandisi, ina daftari la matengenezo, na ina mwenye kampuni.

Kisha, mwaka 1998, kampuni ya Carnival ya Marekani ilifanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa. Ilianzisha meli kubwa, Paradise, ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuvuta popote, si abiria wala baharia. Aliyekamatwa alitozwa dola 250 na kuteremshwa bandari iliyofuata, nauli ya kurudi kwao juu yake. Watu walitii, na walioteremshwa waliteremshwa kweli. Lakini mwaka 2004 mpango ukafutwa. Sababu iliyotajwa haikuwa afya wala moto. Ilisemekana kwamba abiria wasiovuta walikunywa kidogo na kucheza kamari kidogo, na kwamba familia yenye mvutaji mmoja ilikwenda yote kwenye meli nyingine. Faida ikapungua, kanuni ikaondoka. Kwangu mimi hiki ndicho kisa chenye mafunzo kuliko vyote, maana kinaonyesha wazi nani anayeandika kanuni hizi na kwa kalamu gani.

Miaka miwili baadaye bahari ikajibu kwa namna yake. Alfajiri ya tarehe 23 Machi 2006, karibu na Jamaica, moto uliwaka katika kibaraza cha chumba kimoja cha meli Star Princess. Uchunguzi wa Waingereza ulisema kwamba, kwa uwezekano mkubwa, ni sigara iliyotupwa. Vizuizi vya plastiki baina ya vibaraza, na viti vya plastiki vilivyokuwapo, viliwaka kama majani makavu. Vyumba 79 vikateketea, na abiria mmoja akafa kwa moshi. Baada ya hapo kanuni za kimataifa za usalama wa meli zilibadilishwa, na vibaraza vikatakiwa kujengwa kwa vitu visivyoshika moto kirahisi. Kampuni nyingi zikakataza kuvuta vyumbani, na nyingine hata vibarazani. Lakini angalia mahali palipoachwa: katika meli nyingi sehemu ya ukumbi wa kamari imebaki ya wavutaji. Meli Queen Mary 2 ya Waingereza ina ukumbi wa biri wenye jina la Churchill. Wanaovuta wamesukumwa kila mahali isipokuwa pale wanapoacha fedha zao.

Januari 2024 meli Norwegian Dawn ilipofika Dar es Salaam na watalii zaidi ya 2,000, barazani petu hapa Magomeni Mapipa hapakuwa na habari nyingine. Watu walihesabu ghorofa zake, wakakisia bei ya chumba. Kijana mmoja, fundi simu wa Kariakoo, akauliza kama humo ndani watu wanavuta sigara au wanakatazwa kama kwenye mwendokasi. Mwenzake akasema mtu aliyelipa mamilioni hakatazwi kitu, fedha yake ndiyo ruhusa yake. Ubishi ukapamba moto. Yupo aliyesema atengewe chumba, kila mtu ashike lake. Yupo aliyesema wavutaji ni wagonjwa, wahurumiwe. Muuza duka wa pembeni, ambaye sigara ni sehemu ya riziki yake, alisema tukiwafukuza wavutaji wote tutafunga maduka nusu ya mtaa.

Palikuwa na mzee mmoja, baharia mstaafu, aliyenyamaza muda wote. Alipoombwa aseme alisema hivi: "Wanangu, ninyi mnagombana juu ya abiria. Abiria anakaa siku saba anakwenda kwao. Mimi nilikaa humo miezi tisa." Akatueleza kwamba alikuwa mhudumu katika ukumbi wa karata wa meli moja ya Wazungu. Hajapata kuvuta sigara maishani mwake. Kazi yake ilikuwa kupeleka vinywaji na kubadilisha visahani vya majivu, tangu jioni hadi usiku wa manane, katika chumba ambacho mwanga wa taa ulionekana kama mwezi kwenye ukungu. Aliporudi likizo mkewe alianika nguo zake nje siku mbili kabla ya kuzifua. Fundi simu akamuuliza, "Shikamoo mzee, na hamkulalamika?" Akacheka, akasema tangazo lililokuwamo ukumbini lilikuwa moja tu: wahudumu ni marufuku kuvuta sigara wakiwa kazini.

Hoja ya chumba maalumu, ambayo husikika kuwa ya haki na ya kiungwana, huangukia hapa. Chumba kikitengwa, abiria asiyependa moshi anaokoka, na anayependa anaridhika. Anayebaki ni yule wa tatu, anayeingia humo kwa sababu ameajiriwa kuingia. Ndivyo ilivyokuwa katika Uganda, ambayo wahudumu wake walikuwa Wagoa waliopita na sinia chini ya zile pembe, na ndivyo ilivyo katika kumbi za kamari za leo, ambazo wahudumu wake hutoka Ufilipino, India na kwetu huku. Tukiulizana kuhusu haki ya mvutaji na haki ya asiyevuta, twafanya kana kwamba melini wamo watu wa aina mbili tu.

Tanzania ilitunga sheria ya bidhaa za tumbaku mwaka 2003, na mwaka 2007 ikaridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani. Sheria ile inakataza kuvuta katika sehemu za umma, lakini inaruhusu kutengwa sehemu za wavutaji. Ilipotungwa wengi waliisifu ruhusa hiyo kuwa ni busara ya kukwepa ugomvi. Mimi ningeiondoa ndani ya kila chombo chenye paa, kiwe cha kitalii au cha kuvukia, na nisingemwachia mwenye chombo hiari, kwa sababu tumeona mwaka 2004 hiari ya mwenye chombo inaelekea wapi. Mkulima wa Urambo hatafilisika kwa kuwa mtu wa kwenda Unguja amekaa saa mbili bila sigara. Mwezi wa Ramadhani maelfu ya wavutaji hukaa tangu alfajiri hadi magharibi, na boti hufika.

Katika boti za Unguja nilizopanda, ndani hakuvutwi. Mwenye haja hutoka nyuma, shetrini, penye kelele za injini na povu, na huko hukutana watu wa tiketi za bei zote: mtalii wa daraja la juu, mfanyabiashara wa Kariakoo na mabegi yake, mchukuzi. Huombana kibiriti. Karibu nao husimama kijana wa boti mwenye ndoo ya mchanga, akingoja vishungi.