Fizi za bibi na damu ya mswaki

Najua nimewatupa karibu mwezi mzima. Nilikuwa nyumbani Mwamgongo, na kule kwetu usafiri ni ziwa: unapanda boti pale Kibirizi, unapita Gombe kwa sokwe wa Jane Goodall, ndipo unashuka mwaloni umelowa hadi magoti na unanuka dagaa. Safari hii nimerudi na swali, na kwa kuwa mimi ni mtu wa Historia nimelifanyia kazi kihistoria. Mnivumilie.

Swali lilianzia kwa bibi mzaa mama. Jioni ya kwanza tumekaa tunakula ugali wa muhogo na mgebuka, namwona anamega tonge, analilowesha kwenye mchuzi mpaka linalegea, halafu anatafunia upande mmoja. Samaki hamgusi. Nikamuuliza, "Bibi, vipi tena?"

"Mjukuu wangu, mswaki nimeacha tangu mavuno. Nikisugua, damu. Sasa najichubua kidonda cha nini? Uzee huu." Akacheka, mkono mdomoni. Bibi yangu hajawahi kucheka kwa kuficha mdomo. Hapo ndipo paliponiuma.

Kutafuta wa kumlaumu meno yanapotutoka hakukuanza kwa bibi. Pale Ujiji, jirani na Kigoma mjini, kila mwanafunzi anajua Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Kinachosemwa mara chache ni kwamba mzee yule alikuwa na mapengo. Alishamwandikia binti yake Agnes kwamba meno yanamtoka kwa kutafuna mahindi magumu safarini. Livingstone alilaumu mahindi, bibi analaumu uzee. Na karibu miaka mia baadaye wataalamu wenyewe walikuwa bado wanabishana chanzo cha ugonjwa wa fizi ni nini.

Jibu lililoshika lilitoka Aarhus, Denmaki, mwaka 1965. Harald Löe, Mnorwei, na wenzake wawili waliwachukua watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari wa meno, wakawaambia waache kabisa kusafisha meno. Ukoga ukajijenga. Kati ya siku ya 10 na ya 21 wote 12 walikuwa wameshaugua fizi. Wakaruhusiwa kurudia mswaki, na baada ya kama wiki moja fizi zikapona.

Rudia kusoma hapo mdau. Walioacha mswaki ndio waliougua, na dawa yao ilikuwa mswaki uleule. Bibi akiona damu anaacha kusugua. Akiacha, ukoga unaongezeka. Ukoga ukiongezeka, fizi zinazidi kuvimba, na siku akijaribu tena damu inakuwa nyingi kuliko mwanzo. Yaani anaikimbia dawa akidhani ndiyo ugonjwa!

Kuna hatua mbili ambazo tusizichanganye. Fizi kuvimba na kutoa damu, hiyo inarudi nyuma ukisafisha. Lakini kwa baadhi ya watu ugonjwa unashuka chini, unakula mfupa unaoshika jino, na mfupa ulioliwa hauoti tena kwa kupiga mswaki. Hapo jino linaanza kucheza, na ugaga uliojificha chini ya fizi inabidi ukwanguliwe na mtaalamu.

Swali la pili la kihistoria: je, kila asiyesafisha vizuri anafika hatua hiyo ya pili? Hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia. Kuanzia miaka ya 1950, wataalamu kama Mmarekani A. L. Russell, aliyetoa kipimo chake mwaka 1956, walipima fizi za watu wa nchi nyingi na kutoa wastani. Picha iliyobaki vichwani ikawa hii: nchi maskini, kila mtu ana ugaga, kwa hiyo wote safari yao ni ya ukibogoyo. Mwaka 1982 kikaja kipimo kingine, kikaungwa mkono na Shirika la Afya Duniani, cha kuhesabu nani anahitaji matibabu gani. Mwaka 1986 Firoze Manji wa Kenya na Aubrey Sheiham wa London wakapiga hesabu kwa watoto wa Kenya: ukikifuata kipimo kile, kazi ya kukwangua ingetaka wahudumu wengi ambao nchi isingeweza kuwapata. (Manji ndiye huyohuyo aliyekuja kuanzisha Pambazuka News mwaka 2000. Dunia ndogo.)

Mwaka huohuo 1986 Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Thorkild Karring walichapisha utafiti wao juu ya watu wazima wa Tanzania. Mwaka 1988 Baelum na Fejerskov, safari hii na Manji, wakatoa wa watu 1,131 wa wilaya ya Machakos, Kenya, wenye miaka 15 hadi 65. Hawa hawakuridhika na wastani, waliangalia mtu mmoja mmoja, jino moja moja. Ukoga na ugaga waliukuta karibu kwa kila mtu. Lakini vibogoyo walikuwa wa kutafuta kwa tochi, na uharibifu mkubwa ulikuwa umerundikana kwa watu wachache. Sri Lanka nako, Löe na wenzake waliwafuatilia wanaume 480 wa mashamba ya chai wasiopiga mswaki, kuanzia 1970. Matokeo ya 1986: kwa 8% ugonjwa ulikwenda mbio, kwa 81% ulikwenda wastani, na 11% hawakuvuka fizi kuvimba.

Sisi walimu watarajiwa tunalijua hili. Wastani wa darasa ukiwa 50 hujui kama wote wamepata 50 au nusu wamefaulu na nusu wamezama. Wastani ulikuwa umewaficha wale wachache wanaozama kweli, na ukawatisha bure wengine wote. Funzo lake ni kwamba kila mtu asafishe, na wale wachache watafutwe mapema.

Na wa kusafishia si lazima uwe wa dukani. Neno mswaki lenyewe lilikuwa la kijiti kabla ya plastiki. Mwaka 1992 ulichapishwa utafiti wa van Palenstein Helderman na wenzake juu ya vijiti hivyo kwa watoto wa shule wa Tanzania, na tafiti za aina hiyo zimeonyesha kwamba kijiti kikitumika vizuri kinaweza kusafisha sawa na mswaki wa dukani. Tatizo ni ukisugua kwa hasira, unakwangua fizi.

Basi nikamwomba bibi aanze tena. Akatafuna kijiti mpaka kikalainika, akasugua taratibu asubuhi na usiku. Siku ya tatu damu bado, akanisema vibaya mbele ya majirani. Siku ya tisa akaniita nje nione mate yake. Meupe.

Ila jino moja la chini linacheza, na hilo kijiti hakiliwezi. Huenda bibi ni mmoja wa wale wachache. Mjomba ameahidi kumpeleka Kigoma kwa daktari wa meno mbalamwezi ikiwa kubwa, siku ambazo dagaa hawavuliwi. (Nawe pia mdau, damu ikizidi wiki mbili na unasafisha, nenda ukaonwe.)

Usiku wa mwisho nilimsimulia bibi habari yote hii. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hao waliohesabu meno ya watu, walirudi kuwaambia walichokiona?"

Nilikosa jibu. Nimebaki nalo mpaka hapa hosteli. Mwakani tunakwenda mazoezi ya kufundisha, na sijui kama mada hii ipo popote kwenye muhtasari wa Historia, lakini nitaibana dakika kumi.

Ngoja nikimbie, kesho asubuhi tuna jaribio la Saikolojia ya Elimu na sijagusa kitu. Bibi akirudi kutoka Kigoma nitawajuza.