Goma 1994: Kuhara kuliwaua wengi huku dawa yake ikijulikana

Katikati ya mwezi wa saba 1994, watu kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka kutoka Rwanda na kuingia Goma kwa siku chache tu. Wengi walilala barabarani kabla ya kupelekwa kambi za Kibumba, Katale na Mugunga. Udongo wa huko ni mawe ya volkano: kuchimba choo kulikuwa kazi ngumu, na kuchimba kaburi vilevile. Watu walichota maji ya kunywa Ziwa Kivu, palepale walipooga na kufulia. Katika juma la kwanza, maji safi yaliyogawanywa hayakufikia hata robo lita kwa mtu mmoja kwa siku.

Tarehe 20 Julai kipindupindu kilithibitishwa. Ndani ya mwezi mmoja karibu watu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kuhara. Kipindupindu kilipoanza kupungua, kuhara damu kukafuata. Watoto waliopotezana na wazazi wao walikufa kwa wingi, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kukaa nao usiku na kuwanywesha.

Hapo ndipo penye somo. Anayehara huuawa na ukosefu wa maji na chumvi mwilini. Mtoto mdogo hukauka haraka kuliko mtu mzima, na aliyekonda kwa njaa haraka zaidi. Dawa ya kwanza ni kumrudishia anachopoteza, kadiri anavyokipoteza.

Jambo hilo lilikuwa linajulikana miaka 23 kabla ya Goma. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowakimbiza mamilioni ya watu kwenda India, kipindupindu kiliingia kambi za Bangaon. Serumu za kutundika ziliisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza chumvi na sukari zichanganywe na maji safi, ndugu wa wagonjwa wakanywesha wenyewe kwa vikombe. Kabla ya hapo karibu wagonjwa 30 katika kila 100 walikuwa wakifa. Kwa wale waliotibiwa hivyo, idadi ikashuka chini ya 4.

Goma, pakiti za serumu ya kunywa zilikuwepo, lakini msaada ulichelewa. Wengi walikufa bila kufika kwenye kituo chochote. Waliochunguza baadaye walikuta kwamba hata katika vituo vingine wagonjwa walirudishiwa maji polepole mno, serumu ya kunywa ikitumiwa kidogo, na wahudumu wengi hawakuwa na uzoefu wa kipindupindu. Siku ya kwanza ya hesabu, wagonjwa 22 katika kila 100 waliofika vituoni walikufa. Kazi ilipopangwa vizuri, wakabaki 2 au 3.

Mwisho wa 2022, vita vya Rutshuru vilipojaza watu Kanyaruchinya, kipindupindu kilirudi kwenye mawe yaleyale, na watoto wadogo ndio waliougua kwa wingi.

Mama aliye kambini leo anaweza kuanza matibabu kabla ya kufika kituoni. Pakiti ikikosekana: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo kila anapohara. Akitapika, asubiriwe dakika 10, kisha aendelee. Ziwa la mama lisikatizwe. Kituoni aulizie pia vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa kwa siku 10 hadi 14.

Akiwa na macho yaliyozama, akilegea, akishindwa kunywa au akihara damu, apelekwe kituo cha afya mara moja, na njiani aendelee kunyweshwa kama anaweza kumeza.