«Rein» ao «reign»? Sauti moja, historia mbili

Wandugu wa lisanse, siku hizi barua ya kuomba kazi inaombwa mara nyingi kwa Kingereza. Katika yangu nilitaka kusema kwamba kwenye staji walituachia uhuru wa kuchagua mbegu. Nikaandika «free reign». Rafiki akaisoma, akacheka: «Kumbe walikupatia ufalme?» Ilipaswa kuwa «free rein».

Kwa masikio ni kitu kimoja, lakini kila neno liko na njia yake. «Rein» ni hatamu, ile kamba ya kuongozea farasi. Ukiilegeza, farasi anajichagulia njia. «Reign» ni utawala wa mfalme. Maneno haya mawili Waingereza waliyapata kwa Kifaransa cha zamani, kisha Wanormandi kushika Uingereza mwaka 1066. Moja lina mzizi wa Kilatini «regnum», ufalme. Lingine «retinere», kushikilia. Sisi tuliosoma Kifaransa tuko na bahati: «règne» na «rêne» hatuwezi kuzichanganya kinywani. Kwa Kingereza tofauti ilibakia katika maandiko tu.

«Just deserts» pia. Wengi wanaandika «just desserts», sawa vile mtu analipwa keki. Hapa «desert» si jangwa wala si chakula: linatoka kwa Kifaransa cha zamani «deservir», kustahili. Ni kile mtu anastahili, kizuri ao kibaya. «Dessert» inatoka kwa «desservir», kuondoa vyombo mezani, juu inaliwa kisha meza kusafishwa.

Ya mwisho ni yetu sisi wa agronomia. Wakulima wa Marekani walisema «a hard row to hoe», na imeandikwa vitabuni tangu miaka ya 1830. «Row» ni mstari wa mimea, «hoe» ni kulima na jembe. Mstari wenye mawe na majani mengi, ndiyo kazi ngumu. Ukisema haraka, «row to» inasikika kama «road to», basi watu wanaandika «road to hoe». Lakini nani analima barabara?

Kwa hiyo usiandike kwa sikio peke yake. Uliza kwanza: neno hili linanionyesha picha gani? Kamba ao kiti cha mfalme? Shamba ao barabara? Mwenye kutoa kazi hatakuona wewe kwanza. Ataona barua yako.