Sahihi ya Fundi wa Ndege

Charles Taylor, aliyewaundia ndugu wawili akina Wright injini ya ndege yao ya mwaka 1903, hakuwa na leseni yo yote. Aliimaliza kazi ile kwa muda wa yapata majuma sita, katika karakana ya duka la baiskeli mjini Dayton. Wenye ndege ndio walioirusha, na fundi wao walimjua kwa uso. Cheti kingewafaa nini?

Haja ya cheti ilizaliwa ndege zilipoanza kuchukua abiria. Abiria hamjui fundi, wala hana jicho la kuona ufa uliojificha ndani ya chuma. Ndipo Mkataba wa Paris wa 1919 ukataka kila ndege ivukayo mipaka iwe na hati ya ubora, na Mkataba wa Chicago wa 1944 ukafungua njia ya kanuni za leseni zinazofuatwa hata leo. Atakaye leseni awe ametimiza miaka 18, awe ameshika kazi miaka minne, au miwili ikiwa amehitimu mafunzo yaliyoidhinishwa, kisha afaulu mitihani. Hata hivyo hajawa fundi wa ndege zote: mamlaka yake yana mipaka, nayo huandikwa.

Uzito wa leseni umo katika sahihi. Wengi hukaza parafujo, lakini mwenye leseni ndiye atiaye mkono kwamba ndege imetengenezwa ipasavyo. Saa ya safari ikiwa imepita na wakubwa wamekasirika, bado ana haki ya kukataa. Na pengine hilo ndilo somo gumu kuliko yote, wala halina mtihani.

Katika Afrika Mashariki kazi hiyo ilikua pamoja na East African Airways, iliyoanzishwa 1946. Ilipata Comet mwaka 1960 na Super VC10 mwaka 1966, na kila aina mpya iliwarudisha mafundi masomoni. Mwaka 1971 Jumuiya ilifungua chuo cha urubani Soroti, Uganda, ambako ufundi wa ndege nao ulifundishwa. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na shirika likafa. Mali za Jumuiya ziligawanywa kwa mapatano ya 1984. Ujuzi haukupimika kwa mizani ile, kwani ulikuwa mikononi mwa watu. Kila nchi ikashika sheria zake za anga, hata Jumuiya mpya ilipoanzisha wakala wa usalama wa anga mwaka 2007, wenye makao Entebbe, ili kanuni hizo zioanishwe tena.