Treni za Soweto: Umbali Uliotungiwa Sheria

Mwaka 1904 tauni ilizuka katika mtaa wa maskini jijini Johannesburg, mji uliokuwa umeota juu ya dhahabu iliyogunduliwa 1886. Wakuu wa mji waliwahamishia Waafrika Klipspruit, kilomita zipatazo 15 kusini-magharibi, jirani na mashamba ya majitaka, kisha wakauchoma moto mtaa huo. Tauni ilikwisha, lakini watu hawakurudishwa. Kazi zao zilibaki mjini, nao wakalazimika kuzifuata huko kila siku. Ndivyo ulivyoanza mji unaojulikana leo kama Soweto.

Yaliyofuata yalipangwa kwa karatasi na muhuri. Sheria ya 1923 iliyapa mabaraza ya miji uwezo wa kuwatengea Waafrika makazi ya pembeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikajengwa Orlando, sehemu ya Soweto ya leo. Tarehe 9 Februari 1955 polisi 2,000 waliingia Sophiatown, kitongoji kilicho karibu na katikati ya mji, na wakazi wakaanza kupakiwa kwenye malori na vyombo vyao hadi Meadowlands, nayo sehemu ya Soweto ya leo. Wazungu walihitaji mikono ya Waafrika mchana, ila hawakutaka walale karibu nao usiku. Treni ndiyo iliyowawezesha kupata yote mawili.

Gharama ililipwa na mwili wa mfanyakazi. Mpishi, mchukuzi na mfagiaji wa ofisi waliamka kungali giza, wakatoka watoto wakiwa usingizini, wakarudi jua limeshazama. Mpiga picha Ernest Cole aliitengea adha hiyo sura nzima katika kitabu chake cha 1967, House of Bondage. Picha zake zinaonyesha majukwaa yaliyofurika watu na wanaume wanaoning'inia nje ya mabehewa, huku Wazungu wakiwa na mabehewa yao yenye nafasi tele. Serikali ilikipiga marufuku kitabu hicho.

Ndani ya msongamano kulikuwa na mateso mengine. Mwandishi Can Themba, katika hadithi yake kuhusu treni ya Dube, kitongoji cha Soweto, alimwonyesha msichana akisumbuliwa na mhuni mbele ya abiria wanaume walionyamaza, hadi mwanamke mmoja alipowakemea. Miongo kadhaa baadaye mwandishi Miriam Tlali aliandika jinsi wanawake walivyoshikwashikwa miili ndani ya treni hizo, wakiwa wamebanwa hata wasiweze kugeuka.

Hata hivyo abiria hawakukubali kugeuzwa mizigo. Waligeuza mabehewa kuwa makanisa: mmoja akahubiri, wengine wakaimba, wakipiga kuta za behewa badala ya ngoma. Mpiga picha Santu Mofokeng alizipiga picha ibada hizo 1986, abiria wakiwa wamefumba macho katikati ya msukumano.

Kisha treni ikawa uwanja wa mauaji. Tarehe 13 Septemba 1990 watu wenye silaha walishambulia treni iliyotoka Johannesburg kuelekea vitongoji vya mashariki, wakaua abiria 26. Mashambulizi ya namna hiyo yaliendelea kwa miaka kadhaa na kuua mamia ya watu ambao kosa lao lilikuwa kwenda kazini. Wengi waliendelea kupanda, kwa kuwa mshahara ulikuwa mjini.

Sheria iliyogawa makazi kwa rangi ilifutwa 1991. Nyumba, hata hivyo, zilibaki zilikojengwa, na hadi leo mamia kwa maelfu ya wafanyakazi husafiri umbali uleule. Treni ziliposimama kwa sababu ya korona mwaka 2020, wezi walikata nyaya na kubomoa stesheni, na wengi wakalazimika kupanda teksi za abiria kwa nauli kubwa zaidi. Kwa hiyo wanaopima viwanja katika miji yetu ya Afrika Mashariki, wanapowapeleka watu wa kipato kidogo pembezoni kwa sababu ardhi ya huko ni rahisi, wajumlishe kwenye hesabu zao nauli na saa za njiani. Soweto imelipa deni hilo kwa zaidi ya miaka mia moja.